Batoto banataka kupanga fete ya aniversere benyewe, tema iko train. Nibaachie mpaka wapi?

mama_wa_katuba:
Jambo yenu bote. Niko hapa Lubumbashi, mama ya batoto batatu, na mukubwa anaenda kutimiza miaka 9 kiisha siku 20 hivi. Mwaka yenye ilipita nililipa mutu wa dekorasio, akaleta mabaluni, akafunika viti na kitambaa nyeupe, kila kitu pinki, foto zilitoka bien kabisa, lakini mwenye aniversere alikaa pale mbele sawa bibi arusi mwenye kuchoka, ananiuliza tu mama, nitavua hii nguo saa ngapi. Makuta yenye nilitosha siku ile sitaisema, bwana yangu anasomaka huku.

Sasa mwaka huu ameniambia hataki tena ule mutu. Anataka yeye na badogo zake na binamu yao bapange yote benyewe, na tema iko train, ju nkambo (babu) yao alitumika ku train miaka mingi na kila mangaribi anabapigia hadithi ya Likasi, ya Tenke, ya Bukama, ya Kamina. Basi banasema kila kituo itakuwa na mchezo wake na chakula yake, mwaliko itakuwa tiketi, mwenye hana tiketi anashuka. Nilifurahi sana.

Shida iko mbili. Ya kwanza njo miye. Mutoto akishika makasi akianza kukata karto (ile ya maboksi) vibaya, mukono yangu inaenda yenyewe, namunyanganya, nakata miye. Jana nilikata madirisha mane ya wagon ndiyo nikainua kichwa nikaona batoto bote banne balishaendaka zao kuangalia televizio. Ya pili njo wifi yangu, anasema fete ya bakarto njo ya maskini, bageni batacheka, mutoto atabeba ile haya mpaka ukubwa. Nifanye aje? Na kweli kuna kitu banajifunza hapo ama najidanganya?

kijana_kamalondo:
Train? Hapa kwetu? Basi fete itaanza kesho yake 😂😂

mwalimu_ruashi:
Mama, hapo kwa madirisha mane umejijibu mwenyewe, siongezi.

Mimi nafundisha primere, na kosa letu sisi wakubwa ni kuwapa watoto kazi ya kupaka rangi kwenye kitu chenye tumeshamaliza kukifikiria sisi, halafu tunasema tumewafundisha ubunifu. Wape kaye (daftari) moja na wape makuta mkononi, hata kama ni kidogo, usiwape orodha ya kununua. Siku moja niliwaachia darasa langu feza ya kutengeneza soko ya kuchezea, nusu yote waliimaliza kwa vibandiko vya kung'aa, nikanyamaza, roho inaniuma. Wakabaki hawana kitu cha kutengenezea nyanya, ndipo mmoja akasema tufinyange na udongo wa nyuma ya choo (msiniulize zaidi), na zile nyanya ndizo zilikuwa nzuri kuliko vyote. Zile feza zisingepotea, zile nyanya zisingezaliwa.

Wachore kwanza kiwanja chote kwenye karatasi, wapi ni Lubumbashi wapi ni Likasi, halafu waende kukipima nje kwa hatua. Wataona vituo vitano haviingii na watagombana, waache wagombane, hapo ndipo wanapanga kweli. Na nkambo msimwache akae tu apige hadithi, waende kwake na maswali wameandika. Wamuulize reli ilifika hapa lini (1910, mwaka mji wenyewe unaanza), ilifika Bukama lini (1918), ikafika Ilebo, bandari ya mto Kasai, lini (1928). Halafu wafunge hiyo miaka kwenye kamba, nafasi kati ya kifundo na kifundo iwe sawasawa na miaka yake. Hiyo ni hesabu lakini usiwaambie.

dada_nguba:
Mie nitakuwa mubaya hapa. Niko Bukavu, nilifanyaka hivyo kwa kijana wangu, fete ya kujitengenezea, na batoto ba jirani balicheka kweli, si hadithi. Moja alisema kwa sauti gato (keki) iko wapi. Kijana yangu aliingia chumbani. Wifi yako hana akili mbaya, anajua watu. Mimi nasema fanya bakarto yako lakini chakula ikuwe mingi na gato ikuwe ya ukweli, mtoto mwenye tumbo imejaa hachekake karto ya mtu.

mama_wa_katuba:
@dada_nguba asante kwa kusema wazi, hii njo ilikuwa inanisumbua usiku. Gato nitanunua.

mama_chukudu:
Goma hapa. Huku batoto hawangojake mtu awafundishe, anaona papa anasukuma chukudu (ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo) na viazi vyake, kesho yake eko na chukudu yake kidogo ya mbao, gurudumu imepindapinda lakini inashuka mlima. Kwa hiyo bakarto isikupe haya.

Ila nakupa kitu moja ya mikono: kole (gundi) ya dukani itakula feza yenu yote, karto inakunywaka kole sana. Pikeni ya unga wa muhogo. Unga vijiko vitatu hivi mukoroge kwanza na maji ya BARIDI mpaka mabonge yaishe, ukiweka unga moja kwa moja ndani ya maji ya moto umekwisha, itakuwa bugali. Kiisha mimina ile uji ndani ya maji yenye inachemka, koroga bila kuacha, utaona inakuwa nyeupe nyeupe kiisha inaanza kungaa sawa kamasi ya mtoto (samahani wenye mnakula), hapo toa. Watoto wakoroge ile ya baridi, ya moto ushike wewe, sasa hapo mikono yako itapata kazi yenye iko yako 😄 Tia kijiko ya siki, inakawia kuoza. Na pakeni nyembamba, acha ikauke usiku kucha. Wangu walipaka nene, asubuhi panya walikuwa wamekula behewa mbili.

rangi_za_kopa:
Mama Katuba usiende kutafuta picha ya train kwa intaneti ubape bakopie. Nakuomba. Mi ni mchoraji, hapa hapa Lubumbashi, na nitakukumbusha kitu cha mji wetu. Mu 1946 Mufaransa Romain-Desfossés alifungua atelie yenye baliitaka le Hangar, na mufundishaji yule alikataa kabisa kubapa bachoraji picha za Ulaya bafuatilize. Kila mutu akapata njia yake. Bela alikuwa anapaka na vidole, nukta nukta, bila burashi. Pilipili Mulongoy yeye samaki na ndege, Mwenze Kibwanga vistari vyembamba mpaka karatasi yote inajaa. Batu batatu, atelie moja, na huwezi kuchanganya kazi zao.

Kituo cha Bukama muko na mto Lualaba pale, na njo pale mashua zilikuwa zinapokea bagaji ya train. Chukueni shuka ya zamani, mutandike chini, kila mugeni akifika achovye kidole apake samaki wake. Rangi? Udongo mwekundu tuko tunakanyaga kila siku, chekecheni na kitambaa. Makala (makaa), sageni. Majivu kwa nyeupe ijapo inatoka kijivu. Muchanganye na ile kole ya mama wa Goma ikiwa nyepesi. Na kama mutoto amepaka samaki ya miguu ine usiseme samaki haina miguu, muulize inaenda wapi.

kijana_kamalondo:
Samaki ya miguu ine inafika Kamina mbele ya train 😂

mama_wa_katuba:
Narudi na habari, siku 12 zinabaki.

Nimejifunga. Kila wakishika makasi naenda jikoni natwanga sombe (majani ya muhogo), hii nyumba tumekula sombe siku ine mfululizo, bwana ameuliza kama kuna shida ya feza. Wagon tano zimesimama. Madirisha hakuna yenye inafanana na ingine, na zile zangu mane zilizonyooka batoto balizigeuza, zinaangalia ukuta. Wamesema ile ni "upande ya wakubwa".

Nkambo walimwandikia maswali 11. Alikataa rangi ya blu, akasema tangu azaliwe hajaona wagon ya blu ya vile, dogo akamujibu nkambo, hii train ni yetu. Nilidhani atakasirika. Alinyamaza kidogo, kiisha akasema sawa, lakini reli itakuwa ya ukweli, akabatuma kuleta metre, akabafanya bapime uwanjani metre moja na santimetre saba kasoro kidogo, katikati ya mustari na mustari, bamwange majivu. Mvua ikanyesha usiku ikafuta yote. Asubuhi nikawakuta wanapima tena, hakuna mtu alibatuma.

Makuta nilibapa benyewe bakaenda soko ya Kenya (komini ya hapa Lubumbashi) na binamu mukubwa. Balirudi na munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, ya kuagiza (mama wa munkoyo ataleta siku ile ile asubuhi, njo baliongea hivyo benyewe), karanga za kituo cha Likasi, kikanda (ile mukate ya mizizi na karanga) ya Tenke, na filimbi moja. Moja tu, na batoto bane. Vita ya filimbi ilikuwa ya siku mbili, sikuingia. Sasa kuna karatasi mlangoni, kila kituo filimbi inabadilisha mutu, na wa kwanza ni binamu ju njo alibeba mufuko.

dada_nguba:
Na wifi?

mama_wa_katuba:
Wifi alikuja jana kuangalia aibu yetu. Balimuuliza tiketi. Hana. Balimuachia inje ya majivu mpaka akalipa franga 500, akapewa karatasi yenye wameandika KLASI YA TATU. Amekasirika anataka ya kwanza, na leo ametuma kitambaa nyekundu ya mapazia ya wagon yake.

mwalimu_ruashi:
😂😂 Munkoyo muiweke kwenye kivuli, siku ya jua inachacha haraka.

mama_wa_katuba:
Sawa mwalimu. Na @kijana_kamalondo, nilisomea mtoto ile maneno yako ya kesho yake. Hakucheka. Alienda kuchukua makala, akaongeza mustari chini ya ubao wa kituo: "Lubumbashi, kuondoka saa 9. Inachelewa. Karanga ziko."