Mjadala: Chupa za plastiki ziwekewe amana kama za soda, au tuendelee kuokota ufukweni?

Mleta mada:

Wakuu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulikuwa ufukwe wa Coco Beach, Dar es Salaam, tukiokota taka. Watu kama arobaini, na viroba vilijaa kabla ya saa nne asubuhi. Wiki iliyofuata ikanyesha mvua kubwa. Nikapita palepale: chupa zimetanda kana kwamba hatukuwahi kufika.

Nyingi zinaletwa na Msimbazi. Mto huo unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unamwaga baharini pale Daraja la Selander. Chupa iliyotupwa mtaroni Tabata husubiri masika tu. Ikishafika baharini, jua na chumvi vinaimegua hadi inakuwa chembe ambazo hakuna mkono utakaoweza kuziokota.

Hoja yangu: kila chupa ya plastiki ya maji, soda au juisi iuzwe kwa amana, mnunuzi arudishiwe hela yake akiirudisha, na gharama ya kukusanya ibebwe na kampuni iliyoijaza. Si jambo geni. Tumekua tukitumwa dukani na chupa tupu ya soda mkononi. Huna chupa? Mangi anakudai hela ya chupa, au unywe palepale umwachie. Ndiyo maana chupa ya kioo haizagai ufukweni: ina mwenyewe anayeisubiri. Plastiki ilipoingia, kampuni zikautua mzigo huo, ukamwangukia mvuvi, manispaa na sisi wa Jumamosi. Ujerumani wanatoza amana ya senti 25 za yuro kwa chupa ya kutumika mara moja tangu 2003, na karibu zote zinarudi.

Najua nitaambiwa "Watanzania hatuna ustaarabu, elimu kwanza". Nakataa. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipopigwa marufuku, Zanzibar 2006, Kenya Agosti 2017, bara kwetu tarehe 1 Juni 2019, watu walewale walitafuta vikapu ndani ya siku chache. Kisha usimamizi ukalegea, vifungashio laini vikageuzwa mifuko ya kubebea. Tulibadilika sheria ilipokuwa na meno, tukarudi nyuma yalipong'oka.

Linalonisumbua ni bei. Asiye na maji salama bombani hununua ya chupa kwa kulazimika, na kwake hata shilingi hamsini ni pesa mpaka airudishe chupa. Hapo nataka kusikia wenzangu.

Mchangiaji:

Mkuu, mimi ni mvuvi wa Kigamboni, nakuunga mkono nusu. Kinachotuumiza sisi ni nyavu chakavu na kamba zinazojizungusha kwenye propela usiku, mko mbali na nchi kavu. Na si kwetu tu. Mwaka 2019 watu wa kujitolea walikwenda Aldabra kule Shelisheli, kisiwa kisicho na mji wala soko, wakaondoa tani 25 za taka kwa wiki tano. Zilizobaki zilikadiriwa kuwa zaidi ya tani 500, na kwa uzito nyingi ni zana za uvuvi. Amana yako inagusa wapi hapo?

La pili, waokota chupa. Leo chupa iliyotupwa ni ya aliyeiokota. Ukiitia thamani, kila nyumba itazifungia ndani, na mama wa watu atakosa cha kuuza.

Mleta mada:

Kaka, kwenye nyavu umenifundisha. Amana ya chupa haizigusi, wala haigusi pampasi. Naongeza basi: nyavu chakavu zinunuliwe kwa kilo hapo mwaloni kupitia BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, na fedha zitoke kwa waagizaji wa nyavu. Wewe unajua kuliko mimi kama wenzako wangezileta.

Kuhusu mama huyo, sikubaliani. Sasa hivi anauza kwa kilo, na kilo moja ni chupa tupu zaidi ya arobaini, ameinama juani kutwa. Kwa amana angelipwa chupa kwa chupa. Za majumbani zitapungua, ni kweli, lakini za stendi, za harusini na za mpirani hakuna anayezibeba kurudi nazo kwake. Na vituo vya kupokelea chupa wapewe waokotaji kwanza, kwa maandishi.

Kigumu zaidi nakiona dukani kwa Mangi. Kreti ya kioo inapangika hadi darini, ila chupa mia za plastiki zinajaza kibanda kizima. Akikataa kuzipokea, mpango wote umekufa. Wenye maduka mliomo humu, mngezipokea kwa malipo gani kwa chupa, na gari la kuzichukua lipite mara ngapi kwa wiki?