Jina limebadilika kwenye kitambulisho, alama ya jinsi imebaki: tuanzie wapi? (Kenya)

msaidizi_kisauni:
Salaam wakuu. Mteja ni mwanamke transi (alizaliwa akaandikwa mwanamume, anaishi kama mwanamke), yuko Mombasa. Hati yake ya kubadili jina imesajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi, na kitambulisho kimetoka na jina jipya. Mahali pa jinsi bado pana alama ya mwanamume, na cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) kina jina la zamani. Mwajiri kalinganisha karatasi hizo mbili, kagoma kumwandikisha. Tuanze na ofisi gani? Na polisi wakimsimamisha, wanaweza kumshtaki kwa kujifanya mtu mwingine?

WakiliLikoni:
Tenganisha jina na jinsi, ndugu yangu. Jina lina njia yake chini ya Sheria ya Usajili wa Hati, Sura ya 285, na hiyo mmeshaimaliza. Jinsi haina njia. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, kinataka jinsi iandikwe kwenye rejista, basi. Hakuna palipoelezwa nani aibadilishe baadaye wala kwa ushahidi gani, kwa hiyo karani hana fomu ya kukupa hata akitaka kusaidia. Msiteketeze miezi kwenye dirisha hilo. Anzeni na cheti cha mtihani, huko kuna uamuzi wa kushika mkononi.

Kwa mwajiri, wiki hii hii: kiapo cha kisheria kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, pamoja na ukurasa wa Gazeti. Kiapo kizungumzie majina tu. Habari za mwili na matibabu hazimhusu mwajiri, na zikishaingia kwenye faili la ofisi hazitoki.

Bi_Mapitio:
Uamuzi wenyewe ni wa Mapitio ya Mahakama nambari 147 ya 2013, ombi la Audrey Mbugua Ithibu dhidi ya KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru baraza litoe cheti kipya chenye jina la Audrey, kisicho na alama ya jinsi. Soma hapo mara mbili, maana wengi hukosea: hakuamuru alama igeuzwe, aliamuru iondolewe. Aliona hakuna sheria inayolazimisha alama hiyo kuwa kwenye cheti, na kwamba gredi hazitolewi kwa kutazama jinsi ya mtahiniwa. Akaongeza utu wa mtu, kifungu cha 28 cha Katiba.

Barua yenu iombe hayo hayo: jina jipya, alama iondoke. Mkiomba mwanamume aandikwe mwanamke, mmewapa sababu ya kukataa. Ambatisha nakala zilizothibitishwa za hati, Gazeti, kitambulisho na cheti. Cheti chenyewe abaki nacho mpaka amri au jibu la maandishi lipatikane. Halafu jambo dogo linaloangusha kesi: nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila huo, mahakama itakuuliza unapinga uamuzi gani. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi kwa kifungu cha 47(2) cha Katiba, na uhesabu siku, kwa sababu ombi la kufuta uamuzi chini ya Agizo la 53 la Kanuni za Mwenendo wa Madai lazima lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi.

WakiliLikoni:
Kuhusu polisi: kifungu cha 382 cha Kanuni ya Adhabu kinahitaji nia ya kulaghai. Mtu anayetoa kitambulisho chake mwenyewe, chenye jina lililotangazwa na serikali, hajajifanya mtu mwingine. Atembee na nakala ya Gazeti. Akikamatwa, aelezwe sababu, aite wakili, afikishwe kortini ndani ya saa 24 (kifungu cha 49 cha Katiba).

Kupekuliwa mwili ili "kuthibitisha" jinsi ni udhalilishaji, na mahakama imesema hivyo. Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret, Jaji Reuben Nyakundi, ilimpa mwanamke transi aliyekamatwa mwaka 2019 fidia ya shilingi milioni 1, ikaitaka serikali iandae sheria ya kulinda watu transi. Itajeni, ila mkumbuke Mahakama ya Rufaa inaweza kuutengua uamuzi wa Mahakama Kuu.

msaidizi_kisauni:
Shukrani sana. Kuna mtu kamshauri aape kwamba ni huntha, kwa kuwa Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua.

Bi_Mapitio:
Mzuieni leo. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoingia moja kwa moja upande wa kiume au wa kike; sensa ya 2019 iliwahesabu 1,524. Mteja wenu si huyo, na sheria ile inalinda watoto. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na upande wa pili ukikigundua, hata lile ombi la jina lililokuwa safi litatiliwa shaka.