Tupeane uzoefu: RuneScape ilikupa nini, na ilikugharimu nini?

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeanzisha mada hii kwa sababu juma lililopita nilifika ngazi ya 92 katika stadi ya uvuvi ya RuneScape, mchezo wa mtandaoni unaochezwa na watu wengi kwa pamoja, na badala ya kufurahi nilikaa kitandani na simu mkononi, nikashindwa kuelewa ninachohisi. Waliocheza wanajua maana ya namba hiyo. Ngazi ya 99 inahitaji pointi 13,034,431, lakini kwa kuwa kila ngazi hudai pointi nyingi kuliko iliyotangulia, anayefika 92 ndiyo kwanza yuko nusu ya safari. Kambakoche mmoja hutoa pointi 90, kwa hiyo nikiendelea na kambakoche peke yao nitalazimika kutega wengine zaidi ya 72,000.

Nilianza mwaka 2008 nikiwa kidato cha pili mjini Tanga. Mchezo ulifunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, na sehemu yake ilikuwa ya bure, ndiyo maana ulitufaa sisi ambao hatukuwa na kompyuta nyumbani na tulilipia intaneti kafe kwa nusu saa. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa dema, na miaka ile nilikuwa naona haya kuitaja kazi yake mbele ya wenzangu. Kisha ndani ya mchezo nikawa na sarafu 30 za nauli, nikapanda chombo kutoka Port Sarim hadi kisiwa cha Karamja, nikakuta gati, na gatini watu wazima kutoka Uholanzi na Kanada wamesimama saa nzima wakitega kambakoche kwa hiari yao na kupongezana kila mmoja anapopanda ngazi. Siwezi kueleza vizuri jinsi jambo lile lilivyonigusa. Jioni ile nilimwuliza baba kwa mara ya kwanza kwa nini hutega mbali wakati wa maji mafu, na anajuaje mwamba wenye tasi na changu, naye akanieleza mpaka chakula kikapoa.

Lakini fedha niliyolipia kafe ilikuwa ile aliyonipa kwa ajili ya twisheni, na ilitokana na samaki wale wale. Zaidi ya hapo, kila Jumamosi aliponiita twende naye baharini nilisema nina masomo, kisha nikaenda Karamja. Alifariki mwaka 2014, nami nilikuwa nimetoka naye mara nne tu. Mchezo ndio ulionifanya nimwulize baba kuhusu bahari, na mchezo huo huo ndio ulionizuia kwenda naye. Toleo la zamani la mchezo, yaani Old School RuneScape, lilipoingia kwenye simu mwaka 2018 nililirudia, nikaanza upya kabisa, na chaguo langu la kwanza likawa uvuvi. Sijui kama ninacheza kwa ajili ya kumkumbuka au kwa ajili ya kuikimbia ile haya.

Naomba tupeane uzoefu kwa kina. Tafadhali msiishie kuandika kwamba ni burudani au kwamba ni upotevu wa muda.

Mchangiaji, Mombasa:

Pole kwa msiba, ndugu yangu, ingawa ni wa miaka mingi. Mimi nilianza mwaka 2006, wakati intaneti yetu ilipitia setilaiti kwa sababu nyaya za baharini hazikufika Mombasa na Dar es Salaam hadi 2009. Mawimbi yalipanda kilomita karibu 36,000 na kushuka tena, kwenda na kurudi, jambo lililochukua karibu nusu sekunde hata kabla ya msongamano wa kafe yenyewe. RuneScape huhesabu muda kwa mapigo ya sekunde 0.6, na nadhani ndiyo sababu tuliweza kuicheza wakati michezo mingine ilitushinda kabisa. Hata hivyo, katika eneo la Wilderness, ambako mchezaji anaruhusiwa kumuua mwenzake, tulikuwa tunaona pigo baada ya kwisha kufa.

Faida niliyoipata ni biashara. Kabla ya soko kuu la mchezo kufunguliwa mwishoni mwa 2007, watu walisimama mbele ya benki ya Varrock, mji wa mchezoni, wakinadi bidhaa zao kwa maandishi, na hapo nilijifunza kupatana bei, kusubiri, na kusoma Kiingereza cha haraka. Leo nina duka la vifaa vya simu, na msingi wake niliupata pale. Tatizo ni kwamba pale pale nilidanganywa. Mtu aliniahidi kuniongezea sarafu maradufu, nikampa zote, akatoweka. Siku tatu baadaye nilimfanyia hivyo hivyo mtoto wa darasa la sita aliyekaa kompyuta ya jirani katika kafe ile ile, nikamsikia akilia, nami nikaendelea kuandika kama sikumsikia. Sarafu zile nilizitumia kununua deraya ambayo nilikuwa nimeitamani tangu nilipomuua joka wa kisiwa cha Crandor. Nimemtafuta yule mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima, na bado sijampata.

Mchangiaji, Nairobi:

Dada yenu nilikuwa katika kundi la kuwinda wachezaji wengine mchezoni mwaka 2017. Wakati ule uchumi wa Venezuela ulikuwa umeporomoka, na raia wake wengi waliingia katika mchezo kuua majoka ya kijani kule Wilderness, wakiuza mifupa na ngozi ndani ya mchezo, kisha dhahabu waliyoipata wakiiuza kwa fedha halisi nje yake. Biashara hiyo ilikatazwa na kanuni za mchezo, na sisi tuliitumia hoja hiyo kama kibali cha kuwaua. Tulikuwa na hesabu ya wiki, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioongoza.

Usiku mmoja nilimfungia mchezaji asiweze kuondoka, akaniandikia maneno machache ya Kihispania. Nilimuua kwanza, nikayatafsiri baadaye. Alikuwa akiomba nimwache kwa sababu ile ndiyo kazi ya siku nzima. Wakati huo mimi nililipia uanachama wangu kwa dhahabu ya mchezo, jambo ambalo lilikuwa limeruhusiwa kwa utaratibu rasmi, na dhahabu yangu nyingi ilitokana na mizigo ya watu kama yeye. Kundi lile lilinipa marafiki ambao walinichangia ada nilipokwama mwaka wa tatu wa chuo, kwa hiyo siwezi kulikana. Niliacha kuwinda, lakini sikuwaambia wenzangu sababu, na hilo linaniuma kuliko mauaji yenyewe.

Mchangiaji, Muscat:

Mimi sina majuto, na naomba hilo nalo liandikwe. Watoto wakishalala, mimi na mdogo wangu aliye Unguja tunakutana mchezoni kwenye miti ya mierebi ya Draynor, tunakata magogo na kuzungumza habari za nyumbani hadi usingizi utuchukue. Kwa simu ya kawaida tulikuwa tunakosa la kusema baada ya kujuliana hali.

Mchangiaji, Toronto:

Wanangu, mimi ni mzee wa miaka sitini na miwili na sijawahi kucheza. Mwanangu wa miaka kumi na saba anacheza mchezo huu kila usiku. Nimemgombeza, nimemzimia intaneti, na sasa hatusemezani vizuri. Nimesoma simulizi ya huyu wa Tanga mara mbili. Naomba mnieleze nimwambie nini.

Mwanzilishi wa mada:

Shikamoo, baba. Nimelifikiria swali lako tangu jana. Nakuomba usimwulize atamaliza lini, kwa sababu mchezo huu hauna mwisho na swali hilo litamfanya ajitetee. Kaa karibu naye umwulize yuko mji gani, anatafuta nini, na nani yuko pamoja naye. Mwulize kama amekwisha kuingia katika ubaharia, stadi mpya iliyoongezwa katika toleo la zamani mwaka 2025, ambapo mchezaji huwa na chombo chake mwenyewe na kukiongoza baharini. Mwache akueleze, hata kama atakueleza vibaya. Baada ya hapo mwite katika jambo lako, liwe gari, jiko au sala, na umwambie wazi kwamba unamhitaji. Baba yangu aliniita kwa upole sana, akaamini jibu langu la masomo, na hakuwahi kuja kuona nilikokuwa nakwenda.

Ndugu wa Mombasa na dada wa Nairobi, ahsanteni kwa kusema yale ambayo hayasemeki kirahisi. Mimi nimempigia baba mdogo, ambaye bado anatega. Amesema Jumamosi ijayo ni bamvua, tutatoka alfajiri. Ngazi ya 93 nitaifuata nikirudi.