Taka za iodini 131: siku 80 zimepita, nichome au nisubiri?

Kijana wa Stoo: Wakuu salamu. Niko kituo kidogo hapa bongo, leseni ya TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki) tunayo, kazi kubwa ni skani za teknishiamu, na mara mojamoja kapsuli za iodini 131 kwa wenye tezi ya shingo, zote mbili dawa za mionzi. Sasa stoo imejaa, glavu, sindano, nepi za mzee mmoja tulimlaza, na bosi kila akipita ni choma hayo madude siku zimeshapita. Na kweli, nusu-maisha ya iodini (muda wa mionzi kupungua nusu) siku 8, mara 10 ni 80, mfuko wa zamani una siku 83. Ila nikisogeza mita ya mionzi inasoma kama mara tatu ya kawaida. Nami ndo kwanza nina miezi mitatu kazini, sitaki kuonekana mbishi.

Mzee wa Mita: Usichome!! Mara 10 ni makadirio, inakubakishia kama sehemu 1 ya 1,024 ya ulichoanza nacho, ukianza na kingi bado itasoma tu. Kalenda haina neno hapo, neno ni la mita na vile viwango vya kwenye leseni yenu. Halafu umepimia wapi? Humo humo stoo mifuko mingine ikiwa pembeni? Utoe nje upime peke yake bila ile kinga ya madini ya risasi.

dada_maabara: Mi naona kingine, hizo teknishiamu umechanganya humo? Ile ni masaa 6 tu, siku tatu kwisha habari yake, ukiitia mfuko wa iodini inasubiri miezi bure, ndo maana stoo inajaa 😅 Na hiyo tarehe ni ya kufungua mfuko au kuufunga?

Kijana wa Stoo: Aisee dada. Ya kufungua. Nepi zimeingia wiki tatu baadaye.

dada_maabara: Basi mdogo wangu una siku 62 siyo 83, anza kuhesabia nepi.

Mzee wa Mita: Bosi mwonyeshe karatasi ya vipimo, usibishane kwa mdomo, na afisa wenu wa usalama wa mionzi asaini. Siku mita ikisoma sawa na mionzi ya kawaida ya mazingira, ondoa au futa alama zote za mionzi kabla haijatoka, mtu wa dampo akiiona ile alama ya njano ni balaa. Sindano bado ni taka za hospitali, ziende safety box (boksi la vyenye ncha kali) kama kawaida.

Kijana wa Stoo: Asanteni wakuu. Nimeshaandika tarehe upya, teknishiamu kesho naifungulia ndoo yake.