Suluhu, sare, tobo, kanzu: mtangazaji wa ndondo atumie lipi wapi?

Mwalo_Kirumba
Wakuu, heshima kwenu. Kuna ndondo, mashindano ya soka ya mtaani, inaanza Buhongwa hapa Mwanza na mimi ndiye nitakayeshika maiki. Wengi watakuwa vibandani nyuma ya umati, wanafuata sauti ya spika bila kuuona mpira. Naomba mninyooshee: suluhu na sare ni kitu kimoja? Tobo na kanzu je? Na majina ya utani ya timu, yapi nitaje bila kuleta ugomvi?

Kipenga
Suluhu ni 0-0 tu. Wakifungana 1-1 au 3-3 hiyo ni sare. Aliyechelewa akisikia "suluhu" anajua papo hapo hakuna bao. Ukimwambia "suluhu ya 1-1" umeshampoteza.

Tobo, mpira umepita katikati ya miguu ya mtu. Kanzu, umepita juu ya kichwa chake, kama vazi lenyewe linavyovalishwa, na aliyeupiga akaukuta upande wa pili. Hapo kwenye kuukuta ndipo wengi wanapokosea. Wanapiga kelele "kanzuuu!" mpira bado uko hewani, beki anageuka anaondosha kwa kichwa, na wa kibandani anabaki akingojea shuti ambalo halipo. Subiri utue mguuni. Ukitua kwa mwenzake, hiyo ni pasi ya juu, si kanzu.

Nyanda wa Nyamagana
Naongezea tikitaka, maana linachanganya vizazi. Kwetu tangu zamani ni mtu kujirusha kinyumenyume na kuupiga mpira juu ya kichwa. Vijana waliokua na Barcelona ya kocha Guardiola wanalisikia kama pasi fupi fupi. Ukikusudia pasi, sema "wanagongeana" na hakuna atakayekosea.

Penalti nayo: tuta ni moja. Ukisema "matuta", watu wanaelewa dakika zimeisha, timu zimetoshana nguvu, sasa wanapigiana kumpata mshindi. Usilitamke dakika ya 20! Na "kipa kapelekwa sokoni" ni pale alipoangukia kushoto, mpira ukaenda kulia. Akienda upande sahihi akazidiwa na kasi, sema amezidiwa. Kipa naye ana haki yake.

Mwana Kawekamo
Kwa majina, kanuni yangu ni moja: taja lile ambalo mashabiki wa timu hiyo wanajiita wenyewe. Pamba Jiji ni TP Lindanda au Wana Kawekamo, na tangu warudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 hata watoto wanalijua. Toto Africans ni Wana Kishamapanda. Kagera Sugar, Wanankurukumbi. Biashara United ya Mara, Wanajeshi wa Mpakani.

Hatari iko kwa wale wawili wa Kariakoo, Simba na Yanga. Mnyama au Wekundu wa Msimbazi kwa Simba, Wananchi au Vijana wa Jangwani kwa Yanga, hayo yanapita. Utopolo kwa Yanga na Makolo kwa Simba ni vijembe vya upande wa pili. Kwenye maiki achana navyo kabisa, waachie jukwaani.

Neno la kuchunga zaidi ni "mkono". Timu ikila tano imepigwa mkono, vidole vitano. Simba waliifunga Yanga 5-0 Mei 2012, Yanga wakalipa 5-1 Novemba 2023, kwa hiyo kila upande una kidonda chake. Halafu "bao la mkono" ni kitu kingine kabisa: mtu kafunga kwa mkono, bao la wizi. Ukitangaza "bao la mkono" ukimaanisha la tano, umemtuhumu mfungaji na umemtuhumu mwamuzi. Sema "bao la tano", basi.

Mwalo_Kirumba
Asanteni sana. Mechi ikiisha 0-0 kisha wakaenda matuta, bado naiita suluhu?

Kipenga
Ndiyo. "Suluhu ndani ya dakika 90, fulani kapita kwa matuta 4-2." Matuta yanampata wa kusonga mbele, matokeo ya mchezo hayabadiliki.