MJADALA: Kiwango cha lazima kisomwe bure mtandaoni, na waliokiandika wajulikane. Wana Kusini mnasemaje?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Wadau, habari za kazi. Hoja yangu ni moja. Kiwango chochote ambacho sheria inamlazimisha mzalishaji kukifuata kiwekwe mtandaoni kizima, bila malipo. Pamoja nacho itajwe kila taasisi na kampuni iliyoketi kwenye kamati iliyokiandika, na yawekwe maelezo ya Kiswahili kuhusu yale ambayo Sheria ya Ushindani inawakataza washindani kukubaliana wanapokutana.

Kwa wasiofuatilia: TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, inafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya 2009, na viwango vyake huandaliwa na kamati za ufundi. Humo hukaa watu wa viwandani, vyuoni, serikalini na wawakilishi wa walaji. Sina ugomvi na utaratibu huo, ndio unaotumika dunia nzima. Nani ajue ukaushaji wa korosho kuliko anayebangua? Lakini hao wa viwandani ni washindani sokoni. Wakishakubaliana unyevu uishie wapi, kifungashio kiwe cha aina gani na kipimo kipi cha maabara kinakubalika, wamekwisha kuamua pia nani atauza na nani atabaki na mzigo wake. Kikundi cha akina mama kinachobangua kwa mkono kule Newala kinaweza kutolewa sokoni na sentensi moja inayotaka mashine wasiyoweza kuinunua, hata kama korosho karanga yao, yaani iliyokwisha kubanguliwa, ni safi na salama.

Msinione nakuza mambo. Mwaka 1980 kule Chicago, chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, NFPA, kilikuwa na mkutano wa kupiga kura juu ya kanuni za umeme majumbani. Kulikuwa na pendekezo la kuruhusu mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya, na jopo la wataalamu lilikuwa limelikubali. Watengenezaji wa mabomba ya chuma wakaona soko linaondoka. Wakasajili watu 230 wawe wanachama, wakawalipia ada na gharama za safari, wakawapanga ukumbini chini ya viongozi wenye simu za upepo ili kila mtu ajue lini apige kura na apige vipi. Pendekezo likaanguka kwa kura 394 dhidi ya 390. Hakuna kanuni ya chama iliyovunjwa! Mtengenezaji wa plastiki akaenda mahakamani, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa utetezi kwamba hicho kilikuwa kitendo cha kuishawishi serikali tu, kisichoguswa na sheria ya ushindani. Kesi hiyo inaitwa Allied Tube.

Huku kwetu tuna Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Washindani kupanga bei, kumgomea mtu kwa pamoja au kula njama kwenye zabuni kumekatazwa humo moja kwa moja. Sheria hiyo unaweza kuisoma kwa simu ukiwa Nanyamba. Kiwango kinachokubana wewe mwenyewe, mara nyingi unatakiwa ukinunue. Hapo ndipo ninapoona haki imepinda.

Afisa ubora kiwandani, Lindi

Mleta mada, nakuheshimu ila sikubaliani nawe. Kiwango hakianguki kutoka mbinguni. Kuna vikao, kuna nauli, kuna majaribio ya maabara, na mapato ya kuuza nakala yanasaidia kulipia hayo. Tena viwango vingi vya taifa vimechukuliwa ISO, shirika la viwango la kimataifa, na ISO ina hakimiliki yake. Kile cha korosho karanga, ISO 6477, kipo tangu 1988. TBS ni mwanachama tu, haiwezi kuamka asubuhi ikagawa bure mali ambayo si yake peke yake.

Na wajasiriamali wadogo hawajasahaulika. Ukipitia SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ukapata barua ya utambulisho, serikali inakubebea gharama za kuthibitishwa ubora kwa kipindi cha mwanzo. Kabla ya kudai vyote tutumie hiki kilichopo.

Mwenye mashamba ya chumvi, Kilwa

Mimi naongea kama mtu wa chumvi. Chumvi yetu inabanwa na kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 35, na lazima iwe na madini joto. Hilo silipingi hata kidogo. Goita ni ugonjwa halisi, na watoto wanaokosa madini joto wanaathirika akili. Anayelipinga simuungi mkono.

Ila kiwango hicho si cha Dar es Salaam peke yake, ni cha nchi zote za Jumuiya. Kwenye vikao vya namna ile mwenye kiwanda kikubwa ana mtu wake wa kudumu, analipwa mshahara ili asome rasimu na kuzijibu. Mimi nina majembe, mabwawa ya kuanikia na mvua za masika. Rasimu inapotolewa kwa maoni, makubaliano ya WTO, Shirika la Biashara Duniani, kuhusu vikwazo vya kiufundi yanataka muda usiopungua siku 60. Siku 60 zinatosha kabisa kwa mtu aliyesikia. Sasa nani aliniambia? Kwa hiyo bure ya mleta mada naipokea, lakini ije mapema, kwenye rasimu. Kiwango kikishapitishwa, kukisoma bure kunanisaidia kujua nimekosa nini, basi.

Mleta mada

Mzee wangu wa Kilwa, naichukua hiyo niiongeze kwenye hoja: rasimu kwanza.

Ndugu wa Lindi, la hakimiliki ni la kweli na ni gumu. Wenzetu nao limewafikisha mahakamani. Tarehe 5 Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuhusu viwango vinne, vitatu vya usalama wa vinyago vya watoto na kimoja cha madini ya nikeli. Ilisema viwango hivyo vimekuwa sehemu ya sheria ya Ulaya, kwa hiyo maslahi ya umma katika kuvisoma yanashinda sababu za kuvificha. Kabla ya hapo, mwaka 2023, mahakama ya rufani ya Washington iliamua kwamba shirika lisilo la biashara linaloweka mtandaoni viwango vilivyokwisha kuingizwa kwenye sheria halivunji hakimiliki. Waliofungua mashtaka, wakiwemo ASTM, chama kingine cha Marekani cha kuandika viwango, na hao hao NFPA, walitoa hoja kama yako, kwamba mapato yatakufa na viwango havitaandikwa tena. Hoja hiyo haikutosha.

Mstari wangu nauweka hapo hapo. Kiwango cha hiari, kiuzwe. Kilichofanywa cha lazima ni sheria kama sheria nyingine, na mtu hawezi kutozwa faini kwa kuvunja maandishi aliyoshindwa kuyanunua. Gharama za kuyaandika zitoke kwenye kodi.

Wakili, Mtwara

Nilikuwa nasoma tu, lakini kuna jambo lazima liwekwe sawa. Kesi za Marekani zinasimama juu ya Sheria ya Sherman ya 1890, ile ya ushindani ya Marekani, na mfumo ambao viwango huandikwa na vyama binafsi. Hapa kiwango hupitishwa na chombo cha umma. Usiibebe Allied Tube jinsi ilivyo ukaipeleka FCC ukidhani itaingia. Kinachohamishika ni mafunzo yake juu ya tabia za watu kikaoni.

Ukitaka fundisho kali zaidi, chukua Hydrolevel ya 1982. Chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, kilikuwa na kanuni za usalama wa boila. Makamu mwenyekiti wa kamati ndogo alikuwa ni kiongozi katika kampuni iliyotawala soko la vifaa vya kuzima moto wa boila maji yake yanapopungua. Kampuni yake ikaandika swali kwa chama, majibu yakaandaliwa na watu wale wale, na yakaonyesha kwamba kifaa cha mshindani mdogo si salama. Mawakala wa mauzo wakazunguka na barua ile kwa wateja. Mahakama ya Juu ikasema chama chenyewe kinawajibika, hata kama uongozi wake haukujua. Muone kuwa kiwango hakikubadilishwa hata nukta, palitumika tafsiri tu. Kwa hiyo, mleta mada, kuweka maandishi mtandaoni hakutoshi, barua za ufafanuzi nazo ziwekwe.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuvilinda vyama vya viwango visilipishwe fidia mara tatu ya hasara, kwa sababu hofu ya kesi ilianza kuwaumiza. Kinga hiyo haikuwagusa washindani wanaoketi vikaoni, hao wanabaki na mzigo wao. Nasi tukianika majina ya wajumbe, wataalamu tulio nao ni wachache, wataogopa. Na sheria yetu inairuhusu Tume kutoa msamaha kwa makubaliano ambayo faida yake kwa umma inazidi madhara. Si kila washindani wakikutana ni njama.

Mbanguaji, Tandahimba

Wakili, hapo kwenye majina nakupinga. Viwango vya Kenya vina ukurasa wa mwanzo unaotaja taasisi zilizowakilishwa kwenye kamati, na wataalamu wao hawajakimbia. Itajwe kampuni, mtu binafsi abaki kwenye kumbukumbu za ofisi.

Ila nyote mnaongelea TBS. Kinachotuumiza sisi zaidi si cha serikali. Mnunuzi anakuja anakwambia anataka W320, yaani punje nzima nyeupe, 300 hadi 320 kwa ratili moja. Madaraja hayo yanatokana na vyama vya wafanyabiashara wa ng'ambo, hakuna bunge lililoyapitisha, na yanaamua bei yangu kuliko sheria yoyote. Na sasa wapo wanunuzi wanaosema pia: usipokuwa na cheti fulani, hatugusi mzigo wako. Mmoja akikataa, ni hiari yake. Je, wakikubaliana wote?

Wakili, Mtwara

Dada yangu, hapo umegusa penyewe. Mnunuzi mmoja ana haki ya kuchagua. Washindani wakikubaliana kumfungia mtu mlango kwa pamoja, hiyo inaelekea kwenye kugomea kwa pamoja kunakokatazwa na sheria yetu ya 2003. Kuna kesi ya 1961, Radiant Burners. Chama cha gesi cha Marekani kilikinyima nembo ya ubora kichomeo cha kampuni moja, na kampuni hiyo ikadai kwamba waliokipima ni pamoja na washindani wake, na kwamba wasambazaji wa gesi waliwanyima gesi walionunua kichomeo kisicho na nembo. Mahakama ya Juu ikasema madai hayo yakithibitika ni uvunjaji wa sheria. Swali la kwanza kwako: kuna maandishi, ujumbe wa simu, chochote kinachoonyesha walikubaliana? Kama wanafanana tu kwa sababu wateja wao wa nje wanadai kitu kile kile, kesi huna.

Afisa ubora kiwandani, Lindi

Hata mimi hapo kwenye cheti niko upande wa dada. Ila kwenye bure nabaki nilipo. Mleta mada anasema zitoke kwenye kodi, na bajeti ya maabara kila mwaka ni ya kugombania. Nikiambiwa nichague kati ya mashine ya kupima sumukuvu hapa Kusini na kuweka viwango mtandaoni, nachagua mashine.

Mwenye mashamba ya chumvi, Kilwa

Na mimi nikiambiwa nichague, nachagua rasimu. Rasimu ya kiwango cha chumvi ikitoka, ipelekwe kwa maafisa biashara wa halmashauri za Kilwa, Lindi na Mtwara siku ile ile inapotangazwa, ikiwa na kurasa mbili za Kiswahili zinazosema nini kimebadilika na kampuni zipi ziko kwenye kamati. Maoni tutayaandika wenyewe, na nakala moja tutaipeleka FCC.