Mafuta ya kupikia: niyatie kwenye kontena la Moshi? (Mei 2022)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za Jumapili.

Jana dukani hapa Leicester nimekuta rafu ya mafuta ya alizeti imebaki na chupa sita, juu yake karatasi: chupa mbili kwa mteja. Nikawapa mapacha wangu hela, kila mmoja akapanga foleni na chupa zake mbili, nami na zangu mbili. (Msinicheke.) Mama naye kapiga simu kutoka Majengo, Moshi, mafuta huko yamepanda. Kontena letu la mizigo ya kwenda nyumbani linafungwa Ijumaa. Nitie madumu matatu?

Mama Mapacha

*

Marahaba mwanangu. Usitie.

Rafu ilikuwa na sita, nyie mmebeba sita. Mgao ndivyo ulivyo! Sisi mwaka 1983 sukari ilikuwa adimu, tunagawiwa kwa kaya, na kiwanda cha sukari cha TPC kipo hapo Arusha Chini, mwendo wa baiskeli. Ilikwenda wapi? Taveta, Kenya. Bei ya serikali ilikuwa ya chini, wa ng'ambo ya mpaka wa Holili wanalipa zaidi, basi gunia linavuka usiku na kurudi likiwa sabuni na mafuta ya Kimbo. Waziri Mkuu Sokoine akawakamata walanguzi, wengine wakatupa mali porini, na madukani bado patupu. Vitu vilianza kurudi 1984, mwenye fedha zake za kigeni aliporuhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Ghali, lakini unaviona.

Sasa Indonesia. Tangu tarehe 28 Aprili mwaka huu wa 2022 wamezuia mawese yasitoke, bei ishuke kwa watu wao. Lakini chikichi halisubiri: likishakatwa linatakiwa kiwandani upesi, la sivyo mafuta yanaharibika. Matangi yakijaa kiwanda hakinunui, na mkulima wa huko naye ana watoto wa kusomesha. Sidhani kama zuio hilo litafika mwezi wa saba, na kontena lako bado liko baharini. Alizeti ya Ukraine imekwama kwa vita, hayo siyasemei.

Mtumie mama hela. Alizeti ya Singida imepanda kwa kuwa wote tumeikimbilia, ila ipo, na mavuno mapya ndiyo yanaanza. Halafu dumu likivuja kwenye magodoro ya watu, kesi utaisikia mpaka Krismasi.

Babu wa Kiboriloni

*

Asante babu. Madumu nimetoa, nimejaza viatu. Zile chupa sita ziko chini ya kitanda, sijafungua hata moja.

Mama Mapacha